Maswali ya Wasomaji: Kahawa ya Nyumbani Bila Upotevu

Barua tulizochagua safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kupata kikombe kizuri cha kahawa nyumbani, kwa haraka, bila kujaza pipa la taka. Tumezipanga kwa namna ambayo jibu la barua moja litamsaidia msomaji kuielewa inayofuata.

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani tunatumia mashine ya kapsuli, vile vikopo vidogo vilivyofungwa vyenye kahawa ya kikombe kimoja. Mimi huondoka alfajiri, na kwa kubonyeza kitufe kimoja ninapata kahawa kabla sijamaliza kufunga viatu. Mume wangu naye hunywa kikombe chake muda mfupi baadaye, na jioni tunarudia. Kinachoninyima raha ni mfuko wa kapsuli tupu unaojaa kila wiki. Nataka kuachana nazo, lakini sina muda wa kusimama jikoni nikichunga chombo. Nifanyeje?

JIBU: Asante dada kwa barua yako. Kabla ya kuihukumu kapsuli, ni haki tukumbuke ilikuja kutatua shida gani. Eric Favre, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Nestlé nchini Uswisi, alisajili hataza ya mfumo huo mwaka 1976, na mashine za Nespresso ziliingia sokoni mwaka 1986. Huko Marekani, kampuni ya Keurig ilianza kuuza mashine zake kwa ajili ya maofisi mwaka 1998. Waliobuni mifumo hiyo walilenga mambo mawili ambayo wewe pia umeyataja: kahawa iwe imeshapimwa, na mnywaji asisubiri. Walifanikiwa, na ndiyo maana watu wengi hushindwa kuziacha. Mtu akikushauri uitupe mashine yako na kununua chombo kitakachokuchosha, baada ya mwezi mmoja chombo hicho kitakuwa kabatini, na kapsuli zitakuwa zimerudi mezani.

Kasoro yake nayo ni ya kweli. Kapsuli ndogo ya alumini hubeba takribani gramu 5 hadi 6 za kahawa, na ili kuzihifadhi gramu hizo chache hutumika takribani gramu moja ya madini ambayo kuyazalisha kwa mara ya kwanza hutumia umeme mwingi sana. Alumini huweza kuyeyushwa na kutumika tena kwa sehemu ndogo tu ya nishati hiyo, takribani asilimia 5, lakini kapsuli iliyotumika ni kitu kidogo chenye machicha mabichi ndani yake, na mitambo ya kuchambua taka mara nyingi hushindwa kukinasa. Zile za plastiki zina tatizo zaidi, kwa kuwa kikombe cha plastiki, kifuniko cha karatasi ya alumini na chujio la ndani huwa vimegandishwa pamoja. Mwaka 2016 mji wa Hamburg nchini Ujerumani uliamua kwamba fedha za umma zisitumike tena kununulia kahawa za aina hiyo, na sababu iliyotolewa ilikuwa ni taka hizi hizi zinazokusumbua.

Kwa kuwa mashine unayo tayari, hatua ya kwanza ninayokushauri ni kutafuta kapsuli ya chuma kisichoshika kutu inayoweza kujazwa tena, iliyotengenezwa kwa ajili ya aina ya mashine uliyonayo. Unaijaza kahawa iliyosagwa laini, unaishindilia kidogo, unaifunga, na mashine inafanya kazi yake kama kawaida. Soma kwanza masharti ya dhamana ya mashine yako, na utarajie kwamba siku chache za mwanzo kahawa itatoka nyepesi mno au itapita kwa shida, mpaka utakapokijua kiasi na ulaini wa kahawa unaoifaa. Ukiwa na kapsuli mbili au tatu unaweza kuzijaza usiku, na asubuhi ukabonyeza kitufe kile kile. Kahawa iliyosagwa hupoteza harufu kidogo kwa usiku mmoja, lakini ukiilinganisha na faida utakayoipata, hasara hiyo inavumilika.

Ukiona kuosha kapsuli hizo ni kero, basi chombo ninachokipendekeza kwa mtu anayekunywa peke yake na mwenye haraka ni AeroPress, iliyobuniwa na mhandisi wa Marekani, Alan Adler, na kuanza kuuzwa mwaka 2005. Ni bomba la plastiki ngumu lenye kisukumio. Unaweka kahawa, unamimina maji ya moto, unakoroga, unasubiri kidogo, kisha unasukuma kahawa iingie kikombeni. Kazi yote huchukua kama dakika mbili baada ya maji kuchemka. Sababu kubwa ya kuipendekeza, hata hivyo, ni usafi wake: machicha hutoka yakiwa yameshikamana kama kidonge, unayasukumia kwenye chombo cha mboji, unasuuza mpira wa kisukumio, na kazi imekwisha. Karatasi yake ya kuchujia ni ndogo, na ukiisuuza unaweza kuitumia tena mara kadhaa.

Kama wewe na mume wako mngeweza kunywa kwa wakati mmoja, ningekuelekeza kwenye birika lenye chujio la kusukuma, ambalo hataza yake inayojulikana zaidi ilitolewa mwaka 1929 kwa Waitaliano Attilio Calimani na Giulio Moneta. Hilo halihitaji kuchungwa hata kidogo. Unaweka kahawa iliyosagwa kwa chenga kubwa, unamimina maji, unaenda kuvaa, unarudi baada ya dakika 4 na kusukuma chujio chini. Halitumii karatasi wala kapsuli, na likiwa la chuma halivunjiki. Shida yake iko kwenye kuosha, kwa sababu machicha hubaki yametapakaa chini. Tia maji kidogo, tikisa, kisha mimina yote juu ya chekecheke.

Kuhusu birika la Kiitaliano la jikoni, lile la pembe nane ambalo Alfonso Bialetti alilianzisha mwaka 1933, ninalipenda kwa uimara wake, kwani kinachochakaa ni mpira wa katikati tu, nao hubadilishwa kwa urahisi. Hata hivyo, si jibu la barua yako. Linataka lichungwe kwenye moto, na hufanya kazi vizuri pale tu kikapu chake kinapojaa, kwa hiyo birika la vikombe sita halitakupa vikombe viwili vizuri. Anayelitaka anunue saizi inayolingana na unywaji wake wa kila siku, na kama jiko lake ni la induksheni, yaani la umeme linalopasha vyombo vinavyonasa sumaku tu, ahakikishe kwamba birika si la alumini tupu.

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu anashikilia kwamba kapsuli huyadhuru mazingira kwa kiasi kidogo kuliko kahawa ya kuchuja. Mimi ninaona ni kisingizio. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kaka yako ana hoja, ingawa si kwa namna anayofikiria. Tunapoitazama taka, jicho huenda kwenye kile kinachobaki mkononi: kapsuli, karatasi, mfuko. Lakini sehemu kubwa ya mzigo wa kikombe cha kahawa hutokea mahali ambapo mnywaji hapaoni. Hutokea shambani, kwenye mbolea, kwenye kukoboa na kukausha. Na hutokea jikoni kwake mwenyewe, kwenye kuchemsha maji. Watafiti Chapagain na Hoekstra wa Uholanzi walikadiria mwaka 2003 kwamba kikombe kimoja cha mililita 125 kina takribani lita 140 za maji nyuma yake, nyingi zikiwa za mvua iliyoinywesha mibuni. Kwa hiyo kahawa inayomwagwa kwenye sinki ni taka nzito kuliko karatasi iliyoichuja.

Tufanye hesabu. Kipimo kinachotumiwa na wengi kwa kahawa ya kuchuja ni gramu 60 kwa lita moja ya maji. Birika la mililita 750 linahitaji gramu 45. Familia ikinywa theluthi mbili na kumwaga iliyobaki, imetupa gramu 15 za kahawa, ambazo ni zaidi ya zile zinazoingia katika kapsuli mbili ndogo. Ikiwa hali hiyo hutokea kila asubuhi, mtumiaji wa kapsuli ambaye hamwagi chochote anaweza kweli kuwa na mzigo mdogo zaidi. Lakini angalia kinachompa ushindi: ni kupimiwa, wala si kapsuli yenyewe. Mtu anayejipimia mwenyewe hupata faida hiyo bila kuacha nyuma yake alumini wala plastiki.

Jambo hili ninalisisitiza kuliko mengine yote katika ukurasa huu. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu ni kifaa kinachopunguza upotevu kuliko kifaa kingine chochote cha kahawa. Weka gramu 12 kwa kikombe cha mililita 200, onja, ongeza au punguza gramu moja mpaka ulimi wako uridhike, kisha ushike kipimo hicho. Kijiko hudanganya, kwa kuwa kahawa iliyokaangwa sana huwa nyepesi na huchukua nafasi kubwa, ilhali iliyokaangwa kidogo huwa nzito. Kijiko kile kile kitakupa uzito tofauti kila unapobadilisha aina ya kahawa.

Maji nayo yapimwe. Kuchemsha lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 100 za selsiasi huhitaji takribani uniti 0.09 za umeme, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea hewani. Anayejaza birika lita nzima ili anywe mililita 250 ametumia robo tatu ya nishati hiyo bure. Dawa yake ni rahisi: jaza maji baridi katika kikombe utakachonywea, ongeza kidogo kwa ajili ya yale yatakayofyonzwa na kahawa, ambayo ni kama maradufu ya uzito wa kahawa yenyewe, kisha uyamimine kwenye birika la umeme, mradi yafike kwenye alama yake ya chini. Kahawa ya kuchuja hutoka vizuri kwa maji ya nyuzi kati ya 90 na 96, kwa hiyo hakuna haja ya kuyaacha yaendelee kutokota.

Kwa wenye mashine ya kuchuja yenye sahani ya moto chini ya jagi, zimeni sahani hiyo mara tu kahawa inapokamilika, na kahawa ihamishiwe kwenye chupa ya themosi. Sahani inaendelea kula umeme, na zaidi ya hayo inaipika kahawa mara ya pili mpaka inakuwa chungu, na kahawa chungu ndiyo inayoishia kumwagwa. Iliyobaki na kupoa iwekwe kwenye jokofu ikiwa imefunikwa, inywewe baridi siku inayofuata, au igandishwe kwenye trei ya barafu na kutumika kupoza kahawa nyingine bila kuizimua.

SWALI: Ninatumia koni ya kuchujia juu ya kikombe. Je, nitumie chujio la karatasi, la kitambaa au la chuma? Jirani yangu anasema la chuma ndilo bora kwa sababu halitupwi.

JIBU: Kwa upande wa taka jirani yako amesema kweli, lakini kuna suala la afya ambalo hakuligusia. Kahawa ina mafuta yenye kemikali ziitwazo kafestoli na kaweoli, ambazo hupandisha lehemu (kolesteroli) katika damu. Karatasi huzinasa kwa kiasi kikubwa. Chuma huziacha zipite, na hali ni hiyo hiyo kwa birika la kusukuma na kwa kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa. Anayekunywa kikombe kimoja kwa siku na ambaye lehemu yake iko sawa hana sababu ya kuhangaika. Anayekunywa vikombe vingi, au ambaye daktari amemwonya kuhusu lehemu, ninamshauri abaki na karatasi bila kujilaumu.

Chujio la karatasi, kwanza, halistahili lawama nyingi linazotupiwa. Lilianzishwa na mama wa nyumbani wa Dresden, Melitta Bentz, aliyesajili ubunifu wake mwaka 1908 baada ya kutoboa chombo cha shaba na kukitandika karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe. Karatasi moja ina uzito wa gramu chache tu, huoza pamoja na machicha, na ukichagua ya rangi ya kahawia unaepuka pia kazi ya kuisafisha iwe nyeupe. Isuuze kwa maji ya moto kabla ya kutia kahawa ili kuondoa ladha ya karatasi. Maji hayo hayo yatakipasha kikombe joto.

Kitambaa cha pamba kiko katikati. Hunasa mashapo na sehemu kubwa ya mafuta, hutoa kahawa laini yenye uzito mdomoni, na hudumu kwa miezi. Kinataka nidhamu, kwa sababu mafuta yaliyobaki kwenye nyuzi huchacha. Kisuuzwe kwa maji ya moto mara tu baada ya kutumika, kisiguswe na sabuni yenye manukato, kihifadhiwe kikiwa kimelowa ndani ya chombo cha maji kwenye jokofu, na kichemshwe mara kwa mara. Asiyeweza kufanya hivyo kila siku achukue karatasi.

SWALI: Nimenunua kapsuli zilizoandikwa kwamba zinaoza. Nimezifukia kwenye mboji ya nyumbani tangu muda mrefu, na bado ni nzima. Nimedanganywa?

JIBU: Huenda hukudanganywa, ila maandishi hayakukueleza yote. Nyingi kati ya hizo huoza katika viwanda vya mboji, ambako rundo huwekwa kwenye joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa. Mboji ya uani mara nyingi haifiki huko wala haikai kwenye joto hilo. Tafuta zilizoidhinishwa waziwazi kwa mboji ya nyumbani, au ulizia kama wazoa taka wa eneo lako wanazipokea. Kama hawazipokei, basi kwako wewe kapsuli hizo hazina tofauti kubwa na plastiki.

SWALI: Mimi hunywa kahawa ya kukoroga, na wageni hunicheka. Je, ndiyo yenye upotevu mkubwa kuliko zote?

JIBU: Hapana. Ni kweli kwamba kilo moja ya kahawa ya kukoroga hutokana na zaidi ya kilo mbili za kahawa mbichi, na kuikausha kiwandani hutumia nishati. Lakini kikombe kimoja huhitaji takribani gramu 2 tu, hakuna machicha nyumbani, na hakuna mtu anayekoroga vikombe vinne ili anywe kimoja. Nunua iliyo kwenye chupa ya kioo au kopo, badala ya vipakiti vya kikombe kimoja kimoja, chemsha maji ya kukutosha, na unywe kwa amani.

SWALI: Kahawa yangu hupoteza ladha kabla sijaimaliza, na mara nyingine ninaitupa. Niihifadhi wapi?

JIBU: Adui zake ni hewa, mwanga, unyevu na joto. Iweke kwenye chombo kisichopitisha mwanga, chenye mfuniko unaobana vizuri, kabatini na mbali na jiko. Usiiweke kwenye jokofu ukiwa unaifungua kila siku, kwa sababu kila inapotoka hushika unyevu na harufu za vyakula. Ukinunua nyingi kwa mara moja, igawe kwenye vifungashio vidogo vinavyobana, vigandishe kwenye friza, na utoe kimoja kimoja. Kiache kipate joto la chumba kabla ya kukifungua.

Njia iliyo bora zaidi ni kununua punje nzima na kuzisaga kila unapotaka kunywa. Punje huhifadhi harufu kwa wiki kadhaa, ilhali kahawa iliyosagwa huanza kuipoteza ndani ya saa chache. Kinu kidogo cha mkono kinatosha kwa watu wawili, hakitumii umeme, na kinakuwezesha kubadilisha ukubwa wa chenga kulingana na chombo. Nunua pia kiasi kinacholingana na unywaji wenu. Mifuko ya kahawa huwa na tabaka za plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja, ambazo ni vigumu sana kuzitenganisha ili zitumike tena, kwa hiyo muuzaji anayekubali kukujazia chombo chako mwenyewe ni wa kuthaminiwa.

SWALI: Machicha ya kahawa niyafanyie nini? Na je, ninaweza kuyatengenezea kahawa mara ya pili?

JIBU: Mara ya pili hapana. Kahawa iliyotengenezwa vizuri huwa imetoa kati ya asilimia 18 na 22 ya uzito wake, na kinachobaki cha kuyeyuka ni kidogo na sehemu yake kubwa ni uchungu. Utatumia maji ya moto mengine kupata kinywaji usichokitaka.

Kwenye mboji, kwa upande mwingine, machicha ni mali. Yana takribani asilimia 2 ya naitrojeni, hivyo yachanganye na majani makavu au karatasi zilizochanwa, yasizidi sehemu ndogo ya rundo zima. Usiyamwage kwa wingi juu ya udongo wa vyungu vya maua, kwa sababu yakikauka hufanya gamba linalozuia maji, na kafeini iliyobaki hudumaza miche michanga. Yanayosemwa kwamba huufanya udongo kuwa na tindikali nyingi yametiwa chumvi, kwani tindikali nyingi huondoka na kinywaji. Asiye na bustani anaweza kuyaanika mpaka yakauke kabisa na kuyaweka kwenye bakuli ndani ya jokofu ili yafyonze harufu, au kuyatumia yakiwa bado mabichi kusugulia sufuria zenye mafuta, ila si zile zenye utando usioshika chakula, kwa kuwa yataukwaruza. Popote yanapokwenda, yasiende kwenye bomba la sinki: hayayeyuki, hushikana na mafuta ya vyombo, na hujikusanya kwenye kona ya bomba hadi maji yanaposhindwa kupita.